Kamba za Aproni

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika. Mkate ulionifungia niliumaliza kabla basi halijatoka nje ya mji, kwa hiyo usiniulize kama nilimkaribisha jirani yangu wa kiti. Sikumkaribisha. Mwambie Baba asinisifu sana kwa ile redio. Sikutengeneza chochote, nilibadilisha betri tu na kukunja uso kama fundi.

Ulisema simu ni ya kuulizana kama mtu kafika, na mambo marefu yaandikwe kwenye karatasi, maana kwenye simu nakujibu "ndiyo, ndiyo" huku nafanya mengine. Haya basi, karatasi hii hapa. La kwanza ni lile swali lako la siku ya kuondoka, ulipouliza nafanya kazi gani hasa. Nikasema "kompyuta", ukaguna mpaka Baba akasikia, yeye asiyesikia kitu.

Tunatengeneza mchezo. Si wa mpira wala wa magari. Ni wa kunusurika. Watu wanatupwa kwenye mji ulioachwa, baridi kali, maji kidogo, chakula cha kutafuta kwenye vyumba vilivyovunjwa. Kila unayemwona humo ni mtu wa kweli aliyeketi kwake, pengine nchi nyingine kabisa, anamwendesha mtu wake kwa vidole. Anaweza kukusaidia, au akakuua akachukua begi lako. Hapo ndipo tulipokwama, Dada. Wanauana tu. Mtu akimwona mwenzake kwa mbali, risasi. Hawapeani hata salamu. Mchezo unaisha kabla haujaanza, na wanaotujaribia wanasema umewachosha.

Bosi wetu hataki kuwalazimisha kupendana. Anataka waaminiane wenyewe kwa kuonana tu. Kazi hiyo kanipa mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayewapa watu wa mchezo namna ya kutembea, kukaa na kuanguka. Anasema mtu akimwona mwenzake ameumia, moyo utalegea. Nikaanza na damu kwenye shati. Ikawa mbaya zaidi. Damu iliwaonyesha nani kachoka, wakawa wanammaliza huyo kwanza.

Wiki hii nimepata wazo lingine. Likikubali nitakueleza.

Mguu wako vipi? Uliponisindikiza kituoni niliona kama unauvuta kidogo. Labda ni macho yangu.

Mdogo wako,
Kitinda


20 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mapumziko ya mchana, nimekaa juu ya roba la mabaki ya vitambaa, na wenzangu wakadhani nimepata mchumba uzeeni. Nikawaambia ni mdogo wangu, kazi yake ni kuwafundisha watu wasiokuwepo kutembea. Wakauliza kama kuna nafasi nyingine huko.

Baba hajambo. Redio inakoroma tena. Anasema tatizo ni stesheni, si redio. Anakutetea mpaka mwisho.

Mguu gani? Ninayo miwili, na yote ilinifikisha kituoni na kunirudisha. Macho yako yamezoea watu wa kwenye kioo. Mwenzio mimi ni mkaguzi. Napita katikati ya cherehani kuanzia asubuhi, safu hadi safu, nageuza kola, navuta mishono, natia chaki penye makosa. Mkaguzi hakai. Unamkumbuka mama aliyenitangulia, yule mwenye sauti ya filimbi? Alipoanza kuchechemea walimpeleka meza ya vifungo, kule nyuma kabisa karibu na choo. Watu aliokuwa akiwatetemesha sasa wanampita kama kiti. Kwa hiyo habari za mguu usiniandikie tena. Barua nasomea kazini, na kazini kuna macho.

Kuhusu huo mchezo wenu, watu wazima wamekaa kwao wanauana na nyinyi mnalipwa. Sawa, riziki ni riziki. Lakini naona mmekosea mwanzo. Mnataka aliyeumia aonekane, na aliyeumia hataki kuonekana. Hata paka akiumia anaingia chini ya kabati. Mimi nikimwona mtu amejaa damu analia katikati ya barabara, kwanza nashika mkoba wangu. Nikimwona anayejikaza, anayejifanya hana kitu, huyo ndiye nitakayemfuata nimuulize.

Nilifurahi ulipokuja. Nyumba ilikuwa imezoea kikohozi cha Baba na cherehani yangu tu. Na kuna jambo ulinifanyia ile siku ya mwisho, alasiri, ulipokuwa kwenye kochi. Hujui kwamba nalijua. Sitalitaja, maana nikilitaja litaharibika. Ila nilimwambia Baba kwamba huyu mtoto sasa amekua.

Kula vizuri. Mkate wa siku nzima kuumaliza kabla ya kutoka mjini ni uroho, si njaa.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa mezani, kila siku naiona, kila siku nasema kesho. Msalimie Baba.

Umesema kuna jambo nililokufanyia. Sikumbuki kukufanyia lolote. Labda ni vile vyombo nilivyoosha.

Wazo langu limekubali. Nataka nikueleze ingawa najua utaguna. Nilitengeneza mwendo mpya wa mtu aliyeumia. Hakuna damu, hakuna kilio. Anatembea karibu na ukuta, kiganja chake kinaugusa, kisha kinakwenda kiunoni. Hatua chache, halafu anasimama na kuinua uso kama anaangalia kitu. Anapeleka mikono nyuma, anajishikashika mgongoni. Anavuta pumzi, anaendelea. Basi, ni hicho tu.

Tuliwaita watu wa kujaribu, tukakaa nyuma yao na daftari zetu. Mmoja, dereva wa teksi, alikuwa ameua kila aliyemwona tangu asubuhi. Akamwona huyu mtu mwenye mwendo wangu anatoka nyuma ya ukuta. Akainua bunduki. Akaiweka chini. Akasema, peke yake, "Huyu ana shida." Akaenda akamtupia bendeji, kisha wakatembea pamoja mpaka mwisho wa mchezo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Dereva alipotoka alitaka kujua mwenzake ni nani, anakaa wapi.

Ikawa hivyo kwa mwingine, na kwa mwingine tena. Bosi alipanda juu ya kiti kutangaza. Nimepewa meza karibu na dirisha na watu wawili chini yangu. Wote wananiuliza mwendo ule nimeutoa wapi. Nawaambia nimeutunga kichwani.

Ulichosema kuhusu anayejikaza ni kweli kabisa. Niliwasomea wenzangu maneno yako, nikasema ni ya dada yangu mkaguzi. Wakasema dada yako ana akili.

Mchezo utatoka mwezi ujao. Sijui kama kiwandani kwenu kuna wanaocheza vitu hivi. Nadhani hakuna.

Mdogo wako


2 Juni

Kitinda,

Marahaba. Baba hajambo, kikohozi kimepungua. Mvua imeingia jikoni kupitia pale pale, nimeweka ndoo.

Juzi mapumziko, fundi wetu wa cherehani, mwembamba tunayemwita Msumari, alikuwa amejikunyata na simu yake. Wasichana wa safu ya tatu walikuwa wamemzunguka. Nikasogea niwatawanye, kengele ilikuwa inakaribia.

Msumari akaniambia, "Ngoja kidogo, Mkaguzi. Huyu kaumia. Huyu simpigi."

Nikachungulia. Mtu akatoka nyuma ya ukuta. Kiganja ukutani, kisha kiunoni. Hatua chache, akasimama, akainua uso kama anaangalia dirisha. Mikono ikaenda nyuma. Msumari akamtupia bendeji na wasichana wakasema maskini, maskini. Halafu mmoja, yule anayeshona mifuko, akanitazama mimi. Akatazama simu. Akanitazama tena, safari hii miguuni. Hakucheka. Angecheka ningejua la kumjibu.

Kengele ikalia nikawaambia warudi kwenye mashine. Ilinibidi nipite safu nzima wakiwa wamekaa, na kila mtu alikuwa anashona taratibu kuliko kawaida. Sijui nilipitaje. Nilikuwa nawaza hatua baada ya hatua, na ukiiwaza sana miguu inasahau kazi yake.

Ulisema mwendo ule umeutunga kichwani. Nakuuliza kwa wema tu, yule mtu mlimtoa wapi?

Mengine ya kazini ni ya kawaida.

Dada yako


11 Juni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo sana, na shikamoo ya Baba pia. Barua yako imenifikia jana na leo nakujibu, uone kwamba na mimi naweza kuwa mtu wa maana.

Umenichekesha na huyo Msumari wako. Mwambie mdogo wako, mtengenezaji wa mchezo, anamsalimia, pengine ataacha kukudai mafuta ya cherehani. Natania.

Yule mtu usimwaze kabisa. Hapa ofisini tuna chumba maalumu. Tunamleta mwigizaji, tunamvisha nguo nyeusi yenye vidoti, anatembea, na kamera zinamchukua pande zote. Ndivyo tulivyofanya. Mimi nilimweleza tu anachotakiwa kufanya, na yeye akafanya. Ni kijana mmoja mrefu, hafanani na wewe hata kidogo. Waliochoka wote duniani hutembea hivyo hivyo, Dada. Hata mimi nikitoka hapa jioni natembea hivyo. Wasichana wa safu ya tatu hawana kazi ya kufanya, wapunguzie mapumziko.

Mchezo umepokelewa vizuri mno. Kuna wajanja wameanza kuuchezea. Mtu anajikata makusudi kwenye kioo kidogo tu, ili apate ule mwendo, watu wamwonee huruma, na mwenzake amejificha nyuma ya mlango na panga. Bosi anasema ni sawa, watu wamechangamka. Mimi sijui.

Nakutumia mfuko wa mpira wa kuweka maji ya moto, nimeuona dukani. Si kwa ajili ya kitu chochote. Ni wa Baba, kwa kifua.

Nina kazi nyingi kwa hiyo naishia hapa.

Mdogo wako anayekupenda


25 Juni

Kitinda,

Marahaba. Mfuko wa maji umefika, Baba anashukuru.

Huyo mwigizaji wenu alivaa aproni?

Nakuuliza kwa sababu mimi navaa, kiwandani na nyumbani. Nyonga ikinishika katikati ya safu siwezi kusimama bure, watu wataona. Kwa hiyo nasimama, nainua uso kama nimeona kitu, napeleka mikono nyuma, nafungua kamba za aproni na kuzifunga upya. Mkaguzi anayejiweka sawa hamshangazi mtu. Napata nafasi ya kuvuta pumzi mbili tatu, kisha naendelea. Ni hila yangu mwenyewe. Sijawahi kumwambia mtu, si Baba, si wewe.

Nilimwomba Msumari anionyeshe tena yule mtu wenu, pale karibu na stoo tukiwa wawili tu. Amevaa jaketi. Hana aproni. Mikono yake inakwenda nyuma, vidole vinafungua, vinafunga, na hakuna kamba.

Kiwandani hujawahi kukanyaga. Basi ni nyumbani kwangu.

Nilikuambia mengine ya kazini ni ya kawaida. Si kweli. Msimamizi alikuwa ameniita siku ile ile ya Msumari na simu yake. Akaniambia nitembee hadi mlangoni na kurudi. Nikatembea vizuri kadiri ya uwezo wangu wote, jasho likinitoka mgongoni. Akaniangalia kwa adabu, akasema, "Sasa tembea kama unavyotembea."

Niko meza ya vifungo.

Dada yako


30 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Sikujibu Julai yote, na sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa naona aibu. Bado naona. Kuna siku nilishika simu nikupigie, nikakumbuka utasema "sijambo, nyote hamjambo?" na mimi nitasema "ndiyo, ndiyo", na aibu yangu itapata pa kujificha. Kwa hiyo naandika.

Hakukuwa na mwigizaji. Nguo yenye vidoti tunayo kweli, lakini siku hiyo aliyeivaa ni mimi, nikiiga ulivyotembea, na video yako iko kwenye kompyuta mbele yangu. Nilirudia mpaka nikapatia. Hata mikono. Nilidhani unajishika mgongo kwa maumivu. Sikujua kama ni kamba. Niliiba kitu bila hata kukijua ni nini.

Ilikuwa ile alasiri. Umetoka zamu ya asubuhi, hujavua aproni, umebeba beseni la nguo kichwani kutoka jikoni kwenda chumbani. Mimi niko kwenye kochi, simu nimeiegemeza kwenye mto. Mwanzo nilikuwa naangalia mambo yangu tu. Kisha nikakuona unaegemea ukuta. Hukuwahi kutembea hivyo mbele yangu, na mimi, badala ya kushtuka, nikawaza kwamba mwanga wa dirishani ni mzuri. Nikabonyeza. Nikafumba macho nusu. Ulipofika karibu na kabati ukatoa sauti, ndogo, kama mtu anayemeza kitu kigumu. Niliomba usigeuke, Dada. Sikuogopa kwamba utaniona. Niliogopa kwamba utaharibu picha.

Halafu uliweka beseni chini, ukafungua kabati, ukaja na shuka ukanifunika. Kwenye video panakuwa giza, shuka limefunika simu, na sauti yako inasema, "Lala, mwanangu." Kazini niliikata kabla ya hapo. Hakuna aliyewahi kuuona mwisho ila mimi.

Watu wasiokujua, walioingia mle kuua, wanauona mwendo wako wanaweka bunduki chini na kuja. Mimi nilikuwa chumba kimoja na wewe, na sikuinuka.

Uliposema Februari kuna jambo nililokufanyia, nilidhani umegundua na unanitega. Ndiyo maana barua yako ilikaa mezani. Mpaka leo sijui ulimaanisha nini.

Mambo ya mchezo nayo nikueleze. Nilijaribu kuitoa ile mikono kimyakimya, nikabakiza kuchechemea tu. Wakarudi kupigana risasi kama zamani, ikabidi niirudishe. Hapo ndipo tulipoelewa. Mtu aliyepeleka mikono nyuma hana silaha mkononi, na yeyote anaona kwamba hana. Huo ndio ulikuwa uaminifu wote. Na mimi nilijivuna kwamba nimewafundisha watu huruma. Sasa wale wajanja wa panga wamezidi, wengine wanamcheka kila anayechechemea na kumpiga kwanza. Nimeuchukua mwendo wako nikaufanya mtego.

Nilimwambia bosi ukweli mbele ya wote. Mmoja wa wale wawili wangu akajifanya anatafuta kalamu. Bosi akasema mwendo huo ndio mchezo wenyewe, ila kama dada yako hataki, hatuwezi kumlazimisha. Amenipa karatasi ya ruhusa nikutumie utie saini. Sijaiweka kwenye bahasha hii. Sema unachotaka, nitafanya hivyo, hata kama ni meza hii ya dirishani kuondoka.

Sina haki ya kuuliza mguu unaendeleaje.

Mdogo wako


14 Septemba

Kitinda,

Marahaba. Baba hajambo. Redio imekufa kabisa, lakini kila jioni anaiwasha na kuiweka sikioni. Nikimuuliza wanasema nini, anasema wanarudia habari za jana.

Mguu unauma. Nimeandika, umeona. Daktari anasema nyonga imelika na ningekwenda mapema. Nimemwambia nilikuwa kazini.

Jirani yangu wa meza ya vifungo ni yule mama mwenye sauti ya filimbi. Nilikuwa nampita kila siku bila hata salamu, kwa sababu niliogopa kumwangalia. Siku ya kwanza nilipokwenda pale na mkoba wangu, macho chini, alinisogezea kiti na kunipa mkasi wake mzuri. Hakuniuliza kitu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake yote ila huo ukimya, na niliona aibu kuliko nilivyoona mbele ya msimamizi. Sasa tunaongea kutwa. Ana umbea wa miaka yote aliyokaa hapo, watu hupita kama yeye ni kiti, wakisema kila kitu.

Msumari amekuja kuniomba radhi, sijui kwa kosa gani. Nimempokea.

Sasa lile jambo. Nilisema sitalitaja kwa kuwa litaharibika, na kwa kuwa limeshaharibika naweza kulitaja.

Siku ile nilijua uko macho. Mimi ndiye niliyekulaza tangu Mama alipofariki, na wewe ukilala mdomo unabaki wazi, hata useme nini. Siku ile ulikuwa umeufunga. Nilipofika katikati ya chumba nikaona mdomo umefungwa na kope zinatetemeka, nikajua umeshaniona navyouvuta mguu, na umefumba macho ili nisijue kwamba umeniona. Nikasema moyoni, huyu mtoto ananisitiri. Simu sikuiona. Nilikuona wewe tu.

Ndiyo maana nilipokaribia kabati sikujikaza tena. Ile sauti nilijiachia. Miaka yote sijawahi kutembea navyotembea mbele ya mtu, na siku hiyo nilitembea mbele yako, kwa sababu nilidhani umechagua kutoangalia. Kukufunika ilikuwa shukrani yangu. Tangu hapo, nyonga ikinishika kwenye safu, nilikuwa nakumbuka mdomo wako uliofungwa, na nafika mwisho wa safu.

Hilo ndilo nililopoteza, Kitinda. Cheo kingepotea tu siku moja.

Nimejaribu kukukasirikia, nikaweza kidogo, halafu ikageuka aibu. Naona aibu kwamba nilifurahi bure miezi yote ile, na nikamsimulia na Baba. Sijui lini itaniisha. Sitakudanganya kwamba imeisha.

Kuhusu mchezo, kiguu kiacheni. Wanaochechemea ni wengi duniani, hicho si changu peke yangu. Mikono niondolee. Hiyo ni yangu na kamba zangu. Wakirudi kupigana risasi, wapigane. Karatasi ya bosi wako sitaisaini, usiilete.

Wewe lakini njoo. Baba anakuulizia, na ndoo ya jikoni inahitaji mtu wa kupanda juu akaangalie paa. Simu uje nayo, sikukatazi. Alasiri ujilaze kwenye kochi kama kawaida yako. Nitatoka jikoni na beseni, na sitajikaza, nimechoka kujikaza. Ukiona nimesimama nikapeleka mikono nyuma, ujue kamba hazijalegea. Inuka unipokee beseni.

Dada yako